VUMBI LA DIRISHANI: Kitambaa Ambacho Hakikufuta Kitu

"Kile kitupu si kitupu, dada."

Kwa maneno hayo tuliachana wiki iliyopita, msomaji. Mtu wa maabara, yule tunayemwita Gramu, alikuwa ameshika karatasi ya majibu, na Mama Vumbi alikuwa amesimama mbele ya kaunta, mkoba begani, mkono umenyooshwa nusu njia.

Kwa aliyejiunga nasi leo: Mama Vumbi ni mtaalamu wa mazingira wa serikali. Kazi yake ni kuingia katika nyumba za watu na kutafuta kinachowadhuru polepole, iwe ni ukungu ukutani, moshi wa jiko usio na pa kutokea, au madini ya risasi ndani ya rangi. Wapangaji ndio waliompa jina hilo. Hufika, hupiga magoti dirishani, hufuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha hukifungia kichupani kwa adabu, kama mtu aliyeokota dhahabu.

Saa nane mchana siku hiyohiyo kulikuwa na kikao cha Nyumba ya Kijani. Ni jengo la ghorofa tatu lenye familia kumi na tisa na watoto ishirini na wawili ambao bado hawajaanza shule. Vichupa vya Mama Vumbi vikikubaliwa, watoto wanahamishwa leo leo. Vikikataliwa, wanarudi kulala chini ya madirisha yale yale.

Sasa Gramu anasema kitambaa kitupu kimechafuka.

Kila anapokwenda kupima, Mama Vumbi hubeba kitambaa kimoja ambacho hakifuti kitu. Hukifungua palepale, hukikunja hewani, hukitia kichupani. Kikirudi kisafi, inajulikana kwamba uchafu wa vile vingine ni wa nyumba. Kikirudi kichafu, basi huenda uchafu wote umetoka kwa mpimaji mwenyewe, na hakuna kikao kitakachomsikiliza.

"Pima tena," alisema.

"Nimepima mara tatu. Mara ya tatu nilinawa mpaka viwiko kama naingia upasuaji. Dada, hiki kina risasi nyingi kuliko dirisha la Mama Mapacha wa Nyumba ya Kijani."

"Kuliko la Mama Mapacha?"

"Karibu mara mbili. Kama ni kitupu, basi na mimi ni mwembamba." Gramu alijipigapiga tumbo, akaona hakuna anayecheka, akaacha. "Ulikifungulia wapi?"

"Imeandikwa kwenye fomu."

"Ngazini, ghorofa ya pili, saa tano na robo. Nimesoma. Nakuuliza wewe."

Mama Vumbi aliitazama fomu. Mwandiko ulikuwa wake, na sahihi ni yake. Alitafuta ndani yake mahali ambapo hofu hukaa, akapakuta kama chumba kilichohamwa.

"Ngazini," alisema.

Alikuwa amedanganya.

*

Ukweli ulikuwa huu. Alhamisi ile ya kupima, msimamizi wa Nyumba ya Kijani alimtoa mbio, akifunga milango nyuma yake. Mama Vumbi aliondoka na vichupa vitano vimefungwa na kugongwa mhuri, lakini kitambaa kitupu kilikuwa bado kwenye pakiti yake. Alikisahau. Alikumbuka akiwa nyumbani, saa kumi jioni, katika chumba cha binti yake, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye meza.

Akajisemea, hiki si hakifuti kitu? Nikifungulie hapa, kuna ubaya gani?

Alivaa glovu. Alikifungua. Simu ikalia. Alikilaza kitambaa dirishani kwa muda wa kusema "haloo, sijambo, nitakupigia." Akakiokota, akakitia kichupani, akaandika "ngazini".

Kitambaa hakikufuta kitu. Kililala tu juu ya kizingiti cha dirisha la mtoto wa miaka minne.

*

Mkuu wa idara alimsikiliza mlango umefungwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na zote hazina wino.

"Hujamwambia mtu?"

"Nimekuambia wewe."

"Basi sikia, mama. Maabara hukosea. Kila mtu anajua. Utasema kilichafukia huko, Gramu atapewa barua ya onyo, vichupa vingine vitasimama, watoto watatoka. Umeshinda."

"Na Gramu?"

"Gramu ni kijana. Atapata pengine pa kukosea."

"Na nikisema ukweli?"

Mkuu aliweka kalamu chini. "Ukisema ukweli, wakili atakuuliza hiyo risasi ilitoka wapi. Utajibu ilitoka kwako. Atasema nyumba ya mpimaji ni chafu kuliko inayopimwa, na fomu yake ina uongo. Kazi utaipoteza. Sasa niambie, dirisha la kwako lina nini?"

"Sijui."

"Limepakwa na nani?"

Hilo alilijua. Aliomba ruhusa mpaka saa ya kikao, akateremka ngazi arobaini na nne. Alizihesabu. Msomaji, wengine wangelia kwenye zile ngazi. Yeye alihesabu.

*

"Umefukuzwa kazi?" baba mkwe wake aliuliza alipomwona mlangoni saa nne asubuhi.

"Bado, Baba."

"Basi umesahau miwani. Mtu wa serikali harudi nyumbani saa hizi bure."

Mzee Brashi alikuwa fundi rangi miaka thelathini na minane. Alistaafu mwaka juzi magoti yalipokataa ngazi, akahamia kwa mwanawe. Mwanawe ni dereva wa malori ya mbali na alikuwa wiki ya tatu barabarani, hivyo mchana kutwa mzee ndiye aliyekaa na mjukuu.

Mjukuu alikuwa chumbani, chini ya dirisha. Wanamwita Sisimizi, kwa sababu haachi punje sakafuni. Huigusa kwa ncha ya kidole na kuitia mdomoni.

"Mama, karibu dukani," alisema, akasukuma kioo cha dirisha. "Duka limefunguliwa." Akakivuta. "Duka limefungwa." Kila fremu iliposuguana na fremu, unga mweupe ulishuka kizingitini, laini kama poda ya mtoto. "Unanunua nini?"

"Unauza nini?"

"Sukari." Sisimizi alichovya kidole kwenye unga ule ili kumwonyesha.

Mama Vumbi alimshika mkono kabla haujafika mdomoni. Alimnyanyua, akamkabidhi kwa babu yake, akapiga magoti. Alitoa kijiti cha kupimia mkobani, akakibana mpaka kikalowa, akakisugua kwenye fremu. Alikuwa amefanya hivyo katika mamia ya vyumba.

Kijiti kiligeuka chekundu, alama ya risasi, kabla hajamaliza kuhesabu kumi.

"Kimekuwa chekundu," Mzee Brashi alisema kwa furaha, akichungulia juu ya bega lake. "Ndiyo nzuri hiyo?"

"Baba, rangi hii uliitoa wapi?"

"Si nilikwambia? Akiba yangu. Kopo la mwisho la kazi yangu ya mwisho. Nilisema hili silimalizii kwa mtu baki, hili ni la dirisha la mjukuu wangu. Rangi za siku hizi ni uji wa mgonjwa, mwanangu. Ile ilikuwa rangi. Ukipaka leo, unazikwa inang'aa."

Mama Vumbi alisimama, akajisikia akiongea kama yuko kazini.

"Usifagie pakavu. Lowesha kitambaa, futa, kitupe. Mtoto alale chumba kingine. Anawe mikono kila mara kabla ya kula. Msiogope, lakini msikae humu."

Mzee alimgeukia.

"Mbona unasema nami kama naishi Nyumba ya Kijani?"

"Kwa sababu ni kitu kilekile, Baba. Kiko ndani ya rangi. Mtoto anakila."

Sisimizi alikuwa anavuta sikio la babu yake. Mzee hakuutoa mkono wa mtoto. Aliangalia dirisha, akaangalia kiganja chake, kile cha brashi, akakigeuza juu na chini.

"Ananiita nimfungulie duka," alisema. "Kila siku. Namwambia, ngoja Babu apige msasa kidogo, liteleze."

"Ulipiga msasa?"

"Ili liteleze."

Mama Vumbi alimvalisha mtoto viatu.

Walipofika mlangoni mzee alisema, "Nitangulieni," akarudi stoo. Alitoka na kitu bapa ndani ya mfuko wa plastiki, amekibana kwapani.

*

Zahanati haikuwa mbali, na muuguzi wa zamu alikuwa wifi yake, binti ya Mzee Brashi. Mwanamke huyu huchoma sindano akipiga soga, ukishtuka imekwisha.

"Mmekuja ukoo mzima, nani ameoa?" alisema. Kisha akaona nyuso zao, akafunga mlango.

Mama Vumbi alimweleza kwa sentensi tatu.

"Muoshe kidole kwanza," akamaliza. "Kwa sabuni, mara mbili. Vumbi la kidoleni litaongopa."

"Wifi, nimechoma vidole kabla hujajua kuandika fomu."

Lilikuwa neno la mzaha tu. Lilimpata mahali ambapo hakulitarajia, lakini hata hapo hakusikia maumivu, alisikia tu kwamba limefika.

Sisimizi alilia kidogo, akapewa pamba, akaanza kuiuza.

"Mashine iko wodi ya pili, kuna foleni," wifi alisema. "Nyinyi nendeni. Mtoto nabaki naye. Majibu yakiwa chini, nitakutumia ujumbe tu, usome ukipata nafasi. Yakiwa ya kumpeleka hospitali, nitapiga. Nikipiga, pokea, hata uwe unaongea na nani."

"Sawa."

"Umeelewa, wifi? Ujumbe ni heri. Simu si heri."

"Nimeelewa."

Nje, Mama Vumbi alimgeukia mzee. "Baba, wewe rudi nyumbani. Huko kwenye kikao nikisema ukweli, nitasema dirisha lilipakwa na nani. Mbele ya watu. Magazeti yatakuwepo."

"Na usiposema?"

"Nitasingizia maabara. Au nitanyamaza, vichupa vikataliwe, na watoto ishirini na wawili wabaki mle."

Mzee Brashi alihamisha mfuko wake kwapa la pili.

"Basi tunachelewa," alisema.

*

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, feni moja na viti vichache kuliko watu. Mama Mapacha alikuwa mstari wa mbele, watoto wake wawili wamelala, kila mmoja paja lake. Gramu alikuwa pembeni, hajui kama amekuja akiwa shahidi au mshitakiwa. Mkuu alikaa nyuma yake, akimwangalia Mama Vumbi kwa upole.

Mwenye nyumba alikuwa amevaa vizuri. Alishaeleza mapema kwamba madirisha yake yote yalipakwa rangi mpya, salama, na kampuni anayoiheshimu, na kwamba vumbi lote hutoka barabarani.

Wakili wake alisimama na karatasi moja tu.

"Mtaalamu, kitambaa kitupu kazi yake ni nini?"

"Kurudi kisafi."

"Kilirudi kisafi?"

"Hapana."

Minong'ono. Mkuu alikohoa. Ndio ulikuwa wakati wa kusema neno "maabara". Gramu aliinamisha kichwa kama mtu anayesubiri maji ya baridi.

"Maabara haikukosea," Mama Vumbi alisema. "Niliandika nimekifungulia ngazini. Si kweli. Nilikisahau. Nilikifungulia nyumbani kwangu, nikakilaza dirishani. Asubuhi hii nimelipima hilo dirisha. Lina risasi. Binti yangu analala chini yake."

Aliyasema kama anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Mama Mapacha alifunika mdomo kwa kiganja. Gramu aliinua kichwa.

Wakili hakushangaa hata kidogo. Aliikunja karatasi yake.

"Kwa hiyo mtaalamu anatoka kila asubuhi katika nyumba yenye sumu, na nguo zake, na mkoba wake, na mikono yake, anaingia katika nyumba ya mteja wangu, na halafu, ajabu, anakuta sumu. Mheshimiwa mwenyekiti, huyu mama hakulikuta vumbi Nyumba ya Kijani. Alilipeleka."

Mwenyekiti alivua miwani. "Mtaalamu, una jibu?"

Alikuwa nalo jibu la kitaalamu, kuhusu mihuri na saa na vichupa vilivyofungwa kabla. Alifungua kinywa, akaona nyuso za wapangaji, akajua hakuna atakayelielewa kwa wakati. Nyuma yake kiti kililia.

"Naomba kuuliza," Mzee Brashi alisema. "Kama inaruhusiwa mtu wa brashi kuuliza."

"Wewe ni nani, mzee?"

"Ni babu wa huyo mtoto. Dirisha lile nililipaka mimi. Aibu hiyo ni yangu, asibebeshwe mkwe wangu." Alimgeukia wakili. "Lakini huyo msomi amesema vumbi lilitoka kwetu likaenda Nyumba ya Kijani. Si hivyo. Rangi ndiyo ilitoka Nyumba ya Kijani ikaja kwetu."

Alifungua mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kifuniko cha kopo la rangi.

"Sisi mafundi wa zamani," alisema, "ukibakiza rangi, unaandika kwenye kifuniko. Nyumba gani, sehemu gani, lini. Siku ikichubuka, mwenyewe akakuita, usije ukampaka rangi ya jirani. Unaandika kwa rangi yenyewe. Haifutiki."

Kifuniko kilipita mkono kwa mkono mpaka mezani. Mwenyekiti alikisogeza kwenye mwanga, akasoma taratibu.

"Nyumba ya Kijani. Fremu zote, ghorofa zote. Kopo la nane." Akasoma tarehe. Ilikuwa ya mwaka juzi.

"Simjui huyu mzee," mwenye nyumba alisema.

"Hunijui?" Mzee Brashi alimtazama bila hasira. "Mwaka juzi ulikuwa unaniita mjomba. Makopo manane, yamekaa stoo yako tangu enzi za marehemu baba yako, yana kutu mpaka mfuniko nafungua kwa tindo. Ukasema, mjomba, yamalize haya, kununua mapya ni usumbufu. Lililobaki ukanipa zawadi. Ukaniambia, peleka kwa wajukuu."

Wakili alimwangalia mteja wake kama mtu aliyekalia kiti akasikia kinavunjika.

"Mimi nikapeleka," mzee alisema, akakaa.

Mwenyekiti alinong'ona na wenzake wawili. Kisha akavaa miwani.

"Kuhusu fomu. Mtaalamu amekiri kuandika kisichokuwa kweli. Beji yake ataiacha hapa mezani mpaka idara yake itakapoamua. Kuhusu vichupa vitano, vilifungwa na kugongwa mhuri kabla ya kosa hilo. Vinapokelewa. Watoto wa Nyumba ya Kijani watolewe leo, kabla ya jua kuzama. Kifuniko hiki kinabaki nasi."

Mama Mapacha hakupiga kelele. Aliwainamia wanawe, akaanza kuwafuta mikono kwa kanga, kidole kimoja kimoja.

Gramu alikuja, akasimama kando ya Mama Vumbi. "Sasa mimi ndiye mtupu pekee humu," alisema, macho yamelowa. Mkuu alikwisha kutoka.

Mama Vumbi alivua beji shingoni, akaiweka mezani kando ya kifuniko. Alingoja furaha, haikuja. Alingoja hata uchovu. Mzee Brashi alikuwa amekaa, mikono imelala magotini, viganja juu.

Ndipo simu yake, iliyokuwa mezani kando ya beji, ikatetemeka.

Mara moja.

Ujumbe hutetemeka mara moja, msomaji; anayepiga simu hutetemesha tena na tena. Mama Vumbi aliitazama. Mzee Brashi naye aliitazama, midomo yake ikitikisika bila sauti. Katika vidole vyake, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Mama Vumbi alihisi ubaridi wa meza.

Simu ikatetemeka mara ya pili.